Kijiti cha Mlalo

Wifi Namkunda,
kile kijiti ulichonifungia kwa ganda la mgomba
kilifika Tabata kimesinyaa
kama kidole kilichokaa sana majini.
Nilikipakata kutoka Mombo hadi Mbezi.
Kondakta akauliza kama ni dawa.
Nikamwambia ndiyo.

Nilikichomeka kwenye ndoo ya rangi,
matundu nimeyatoboa kwa msumari wa moto,
mchanga wa huku nikauchanganya na samadi
ya mbuzi wa Kibwana, iliyolala miezi mitatu,
maana samadi mbichi, ulisema,
inaunguza kuliko maneno ya mawifi.
Nilikusikia. Nilijua unanisema mimi.

Lakini huku si Mlalo.
Huku ukungu ni moshi wa chipsi.
Jua la Februari linaingia hata uvunguni.
Kisima cha jirani kina chumvi:
umwagilie leo, kesho kingo za majani
ni karatasi iliyopitishwa karibu na mshumaa.
Na bomba linatoka Jumanne na Ijumaa, likipenda.
Basi waridi lako linakunywa maji ya kuoshea mchele,
linakunywa maji ya bati, mvua ya kwanza —
hapana, ya pili;
ya kwanza inaosha vumbi na mavi ya kunguru.
Asubuhi, shinani, si majanini:
jani likilala na maji linaamka na madoa meusi.
Hilo nimejifunza kwa kupoteza majani yote, Aprili,
mti ukabaki miiba mitupu,
umesimama uani
kama mdai aliyeambiwa arudi kesho.

Kibwana akaegemea gunia lake la mkaa, akacheka:
"Mama Remija, ungepanda mchicha
saa hizi tungekuwa tunakula."
Sikumjibu. Vidukari walikuwa wamejaa kwenye machipukizi,
kijani juu ya kijani,
nami nawasugua kwa povu la sabuni ya mche,
kwa vidole hivi hivi
vilivyogonga mihuri posta miaka thelathini.

Kukata ndiko kulikonishinda.
Ulisema: kata juu ya jicho linalotazama nje,
mkato uinamie nyuma, maji yasituame.
Ulisema: usiuonee huruma.
Miaka miwili nauzungukia na mkasi mkononi,
nanyofoa kilichonyauka, narudi ndani.
Kwenye simu nilikwambia nimekata.
Nilikudanganya, wifi.

Mwaka huu nimekata.
Ni siku ile Remija aliposema amepata nyumba Mwanza,
harudi tena huku, labda sikukuu.
Nikamwambia haya, mwanangu, heri.
Nikachukua mkasi wa kushonea
nikaukata mti mpaka usawa wa magoti,
kisha nikakaa juu ya kinu nilichokipindua
nikatazama nilichofanya.

Wiki tatu, kimya.
Halafu jicho moja, jekundu, dogo kama chunusi.

Ua limekuja Julai, na kipupwe.
Si jekundu kama lile la mlangoni kwako;
joto la huku limelichujua
likawa rangi ya kanga iliyofuliwa sana.
Lakini harufu!
Umeme ulikatika saa mbili usiku, mtaa mzima,
na harufu ndiyo kitu pekee kilichobaki kimewaka.

Jana Kibwana kaja, mikono nyuma, anakohoa kikohozi cha uongo.
Anataka kijiti. Cha mke wake, anasema.
Nimemkatia, nimemfungia kwa gazeti lililolowa,
nikampa na lile sharti lako la mwisho,
ulilonipigia kelele dirishani basi likiondoka:
usikivute kuona kama kimeshika.
Kila ukivuta unakata kamzizi kanakoanza.
Mwagilia, kaa mbali.

Leo Jumapili. Remija hajapiga.
Simu iko hapa, ukingoni mwa ndoo, karibu na mwiba.
Nimeosha mchele.
Maji nimeyaweka.